Insha ya Hiari

Tuseme kuna binamu wawili, mmoja wa Kasulu, mwingine wa Kibondo. Wote wamemaliza Kidato cha Sita na Divisheni Wani, wote wanaomba ufadhili wa kwenda kusoma Marekani. Wamekaa kwenye kompyuta ya steshenari mjini Kasulu, mtandao unakatikakatika, na mwisho wa fomu kuna kisanduku: insha ya maneno 250, si lazima.

Wa Kibondo anampigia mjomba wake, mwalimu.

"Shikamoo, mjomba. Hapa wanasema insha ni hiari."

"Marahaba. Kama ni hiari, ya nini kujichosha? Kwani Bodi ya Mikopo imewahi kumdai nani insha?"

Kwa Bodi, mjomba hajakosea. Iliundwa kwa sheria ya 2004, na uhitaji huupima kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, namba ya kaya iliyo TASAF, sahihi ya serikali ya mtaa na ya mdhamini. Hata uwe fundi wa maneno, hayana pa kukaa. Tatizo ni kudhani kila mfadhili ni Bodi. Vyuo vingi vya Marekani humsoma mwombaji. Duke, kwa mfano, huongeza maswali ya hiari juu ya insha za lazima. Pale ambapo nafasi ni chache na kila faili lina Divisheni Wani, anayechambua atamkumbuka nani, kama si aliyesema jambo? Wa Kibondo anaacha kisanduku kitupu, na haitwi.

Wa Kasulu anakijaza. Kijana wa steshenari anachukua shilingi 5,000 na kumbandikia insha iliyokwisha kuuzwa kwa wengine: ndoto ya udaktari tangu utotoni, klabu ya mazingira aliyoianzisha shuleni. Anaitwa usaili kwa video.

"Ile miti ya klabu yenu, mingapi ilipona kiangazi?"

Anasingizia mtandao.

Kinachoudhi ni kwamba alikuwa na ya kwake. Kila likizo alikuwa sokoni na mama yake akiuza maharage. Anajua debe ngapi hujaza gunia, anajua mlanguzi akitaka lumbesa zile debe za juu hazilipwi, na siku moja alimkatalia mmoja mbele ya watu mpaka gunia likapunguzwa. Aliona wateja wanavyopungua soko la pamoja la wakimbizi wa Nyarugusu na wanavijiji lilipofungwa. Kwa mtu anayetaka kusomea uchumi (ndiyo, uchumi, udaktari ulikuwa wa steshenari), maneno 250 yasingetosha.

Wa Kibondo aliomba mkopo mapema, sasa yuko chuoni Dodoma anasubiri bumu kama wenzake. Wa Kasulu alingoja majibu ya Marekani hadi dirisha la Bodi likafungwa.