Sanda ya Mus'ab na Arusi Zetu

Kila siku twawasikia wazee katika barza wakiwalaumu vijana kwamba wamependa dunia: wataka viatu vya bei, wataka simu mpya na ile ya zamani ingali nzima, wataka kila wakionacho kwa wenziwao. Maneno haya yana kweli ndani yake, wala hatuyakanushi. Lakini yafaa tujiulize: ni nani aliyewafunza?

Tuitazame arusi katika miji yetu ya pwani. Kijana huposa, akapewa orodha: dhahabu, samani za chumba, nguo za sanduku, ukumbi wa kukodi, usiku wa hina, siku ya kupamba, mpiga picha. Orodha hiyo hakuiandika yeye, na aghalabu hakuiandika msichana. Huandikwa na mama, mashangazi na majirani, na baba akatia sahihi. Nikaha ambayo sharia imeifanya nyepesi, hata Mtume (s.a.w.) akamwozesha mtu asiyekuwa na pete ya chuma kwa Qur'ani aliyoihifadhi, sisi tumeifanya mlima. Kijana hukaa miaka mitatu minne akidunduiza, au hukopa, na ndoa ikaanza na mdai mlangoni. Wala jambo hili si la jana. Bibi zetu katika vyama vya lelemama vya Mombasa walishindana kwa nguo na karamu, chama hiki kikitaka kukitia haya kile. Israfu tumeirithi, vijana hawakuizua.

Kwa hivyo kijana anayeikataa hapigani na dunia tu, bali hupambana na wale aliofaradhiwa kuwatendea wema. Mus'ab bin Umair aliyajua hayo. Mamake alikuwa tajiri, akimvika nguo nzuri kupita vijana wa Makka, na manukato yake yakijulikana. Aliposilimu, mamake alimfunga na kumnyima mali. Hakurudi nyuma. Alihamia Habasha, kisha akatumwa Yathrib kabla ya Hijra kuwafundisha watu Qur'ani, na wakuu wa mji ule wakasilimu mikononi mwake. Alipouawa Uhud, mwaka 3 wa Hijra, nguo ya kumkafini haikutosha: wakifunika kichwa, miguu ilikuwa wazi, wakifunika miguu, kichwa kilikuwa wazi. Basi miguu ikafunikwa kwa nyasi za idhkhir.

Lakini linalotugusa zaidi ni la baadaye. Abdurrahman bin Auf, mfanyabiashara tajiri, aliletewa chakula naye amefunga. Akamkumbuka Mus'ab na sanda yake, akalia, akakiacha chakula. Uislamu haukumharimishia Abdurrahman mali yake wala haukumtaka awe fakiri. Ila kijana aliyekwisha kufa alikuja akaketi naye penye sinia. Ni hotuba ngapi zifanyazo hivyo?

Katika darsa yetu yuko msichana aliyeposwa mwaka huu. Amewaambia wazee wake kuwa ataka mahari hafifu, nikaha msikitini baada ya Alasiri, halua na kahawa, basi. Babake ameridhia. Mamake amelia, akasema: "Miaka thalathini nimekwenda arusi za watu, nimechanga, nimetunza. Leo mwanangu aolewe kimya kama aliyekosa? Watu watasemaje?"

Hatukuweza kumcheka mama huyu. Kilio chake si cha dhahabu, ni cha heshima, na katika mji ambao kila mtu amjua mwenziwe, heshima si kitu kidogo. Na sisi tuliomsomesha bintiye, tukumbuke arusi zetu: tulikodi kumbi, tukala pilau la mkopo, na mmoja wetu hata leo angali alipa.

Twaona binti amesema haki. Lakini haki hiyo ni nzito kwa mabega yake peke yake, maana wa kwanza kufanya hivi ataitwa maskini, au itanong'onwa kuwa ana aibu ya kusitiriwa. Kwa ajili hiyo vijana wawili wa darsa, ambao nikaha zao zi karibu, wameahidi kufanya vivyo hivyo kabla yake.

Mama bado hajakubali. Ametuita nyumbani kwake Ijumaa baada ya sala, na ameshurutisha tuje na wake zetu, kwani ataka kuwauliza wao kwanza.