Mtoto wa Marehemu Yuko Wapi?

Mei 2014 aliokolewa mjini Morogoro, kata ya Kiwanja cha Ndege, mtoto wa kike wa miaka minne aliyekuwa akiishi ndani ya boksi chumbani kwa mama yake mkubwa. Magazeti yalimwita mtoto wa boksi, na sisi wa Ifakara tuliisikia habari ile kwa aibu maana mkoa ni mmoja. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado hajatimiza mwaka, ndipo dada wa marehemu akamchukua. Zaidi ya miaka mitatu, ndani ya boksi ndimo alimolala na ndimo alimokula. Majirani walipotoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi walikwenda wakamtoa. Alikuwa na utapiamlo na homa ya mapafu. Tarehe 1 Juni alifariki Muhimbili. Mama mkubwa, mumewe na baba mzazi wa mtoto walifikishwa mahakamani.

Watu wengi walilaani, na walikuwa na haki. Lakini nyumba ile haikuwa porini. Ilikuwa mtaani, kati ya watu wanaosalimiana asubuhi na kuazimana chumvi. Kinachonisumbua ni ile miaka iliyopita kabla ya taarifa kutolewa.

Akifa mama na kuacha kichanga, msibani kila mtu hujua kwamba kuna mtoto. Wanawake hupokezana kumbeba. Arobaini ikipita, tunaambiwa kachukuliwa na mama mkubwa, nasi tunaridhika, kwa sababu kwetu mama mkubwa ni mama. Hapo ndipo sote tunapoweza kujikwaa. Mtoto wa umri ule anatakiwa kupelekwa kliniki kupimwa uzito na kupata chanjo. Anatakiwa aonekane uani anachezea udongo, au analia akimfuata mtu dukani. Mtoto anayejulikana kuwa yupo, ila haonekani, ni dalili tosha. Baba aliye hai asiyekwenda kumjulia hali mwanawe ni dalili nyingine, na ndugu wa upande wake walipaswa kuuliza.

Huku kwetu bondeni, Ifakara, mazingira yetu yana mtego wake. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia shamba kulima mpunga na kukaa kwenye madungu kwa miezi. Sisemi kwamba kwenda shamba ni kosa. Mpunga ndio unaotulisha na kulipa ada. Lakini wanafunzi hubaki nyumbani. Ukiuliza wako na nani, unajibiwa, "Wako na bibi yao." Bibi mwenyewe pengine haoni vizuri. Nyumba nyingine mkubwa wao ni binti wa miaka kumi na miwili, anapika, anaogesha wadogo zake, anafunga mlango usiku. Unga ukiisha wiki ya tatu, yuko mwenye pikipiki atakayemnunulia chipsi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uligundua kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Dalili za nyumba kama hiyo tunaziona. Mtoto anakuja kwako kila saa ya chakula na hasemi shida yake. Mwalimu anaona kiti kitupu kila Jumatatu. Kidonda cha mguuni hakijawahi kuoshwa. Binti aliyekuwa mchangamfu amekuwa kimya, ana simu mpya. Tunaona, kisha tunasema ni mambo ya watu. Tunaogopa kuitwa wambea, na kama mwenye nyumba ni shemeji, tunaogopa kuvunja undugu. Nami sijioni kuwa shujaa kuliko majirani wa Kiwanja cha Ndege. Wao angalau mwishowe walisema.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayefunga mizigo kwenda shamba, nenda kwanza kwa mwalimu na kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, waambie watoto wamebaki na nani na chakula kimebaki kiasi gani. Rudi uwaone kabla ya kuvuna. Nawe unayebaki mjini, usiridhike kuambiwa mtoto hajambo. Beba uji, ingia, omba umwone. Ukiambiwa amelala, kaa usubiri aamke.

Ukizuiwa kumwona, au ukiona jeraha na maelezo hayalingani nalo, hilo limekuzidi wewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali ya mtaa. Unaweza pia kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au kupiga namba 116 bila malipo. Huhitaji kuwa na uhakika wa kilichotokea. Kuchunguza ni kazi yao. Wewe sema ulichokiona, na useme mapema.