Mkeka Mmoja Siku ya Noeli



Mtakatifu Luka, katika sura ya pili ya Injili yake, anapotusimulia kuzaliwa kwa Bwana wetu Yezu Kristu, haanzi na wachungaji wala na nyimbo za malaika. Anaanza na safari ya mtu aendaye kwao. Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikwe, naye Yosefu akatoka Nazareti akapanda mpaka Betelehemu, kwa sababu alikuwa wa nyumba na ukoo wa Daudi. Neno hilo, ukoo, sisi hatuhitaji kufafanuliwa sana. Mtu akisema anakwenda kwao, tunajua kwamba anafuata makaburi ya wazee wake, mashamba yao na majina yao.

Mimi nilizaliwa upande wa Moba, katika milima inayotelemkia ziwa Tanganyika. Injili ilifika mapema katika nchi ile, maana kituo cha Mpala kilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadri Weupe, mwaka 1885. Kwa hiyo nilipokuwa mtoto, Noeli haikuwa sikukuu ya wageni. Ilikuwa sikukuu ya babu zetu, nasi tuliirithi kama tulivyorithi mashamba.

Majilio yalipokaribia kwisha, babu alituma habari kwa watu wa ukoo wote. Basi walianza kuwasili, wawili leo, watano kesho. Baba wakubwa na wajomba walioishi juu, kwenye uwanda wa Marungu, walishuka kwa miguu wakichukua maharage. Wale wa pwani walileta ndagala wakavu na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Na mmoja aliyefanya kazi Kalemie alikuja kwa mtumbwi wa mashini, ameloa mvua mpaka kwenye mifupa, lakini kifurushi cha sukari kilikuwa kikavu, maana alikikumbatia njia nzima. Mama zetu walitwanga sombe tangu alfajiri. Mchele tuliula mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na Pasaka, na hata leo harufu ya wali hunikumbusha kengele ya kanisa. Usiku watoto wote tulilala katika nyumba moja ya bibi, juu ya mikeka, ishirini na zaidi, na aliyelala mlangoni alinyeshewa.

Sisi watoto tulikuwa na kazi yetu: kufinyanga wanyama wa pango kwa udongo wa mtoni. Kondoo wetu walifanana zaidi na mbuzi, kwa kuwa mbuzi ndio tuliowajua. Padri hakuwakataa. Aliwapanga mmoja mmoja mbele ya Mtoto Yezu. Kisha tulikwenda Misa ya usiku kwa taa za petroli, mstari mrefu juu ya kilima, wazee mbele. Katika Misa ile, kwa utaratibu ambao Roma iliukubali mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, tunawaita Watakatifu, na pamoja nao wahenga wetu wenye moyo mnyofu, ili wawe pamoja nasi. Babu aliipenda sana sehemu hiyo. Alisema kwamba sasa ukoo mzima umefika, hata wale wasiohitaji mkeka.

Alikuwa na sababu ya kuipenda. Mwaka 1972 serikali ya wakati ule ilikataza majina ya ubatizo, na mwaka 1974 iliondoa tarehe 25 Desemba katika sikukuu za taifa. Siku hiyo ikawa ya kazi kama siku nyingine. Babu alitusimulia jinsi watu walivyokwenda kazini asubuhi bila ugomvi, na jioni wakakusanyika kwake, wakaitana kwa majina yao ya ubatizo, polepole, kila mmoja na lake, kabla ya kula. Sisi wajukuu tulidhani ni hadithi ya kuchekesha. Kumbe ilikuwa katekisimu.

Lakini ninalotaka hasa kuwaambia, ndugu zangu, ni habari ya mkeka wa chakula.

Babu alikuwa na dada mjane, mzee sana, aliyekaa peke yake ng'ambo ya kijito. Watoto wake walikufa mmoja baada ya mwingine, na ninyi mnajua midomo ya watu husema nini juu ya mwanamke wa namna hiyo. Hakuna aliyelitamka neno lile mbele ya babu. Lilitembea jikoni na njiani kwenda mtoni, kwa sauti ya chini, nasi watoto tulilisikia na kuogopa. Siku ya Noeli chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa, kinafuka moshi, na babu hakubariki. Aliwatuma watoto wawili, kila mwaka wengine, wakamshike bibi yule mikono wamvushe kijito. Tulingoja. Wali ulipoa, na mama mmoja au wawili walinung'unika. Alipofika, babu alimketisha kando yake, akabariki, kisha akala naye katika sahani moja, mkono wake na wa dada yake katika tonge lile lile, mbele ya macho yetu sote. Hakutoa hotuba. Mwaka ulipofika zamu yangu ya kumvusha, nilitetemeka wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi nilikuwa nikicheka, kwa sababu alinieleza utukutu wa babu alipokuwa mdogo.

Vita iliyoanza mwaka 1998 ilitutawanya. Wengi wetu tuliangukia Zambia, katika kambi ya Mwange iliyofunguliwa mwaka 1999, na Noeli ya kule tuliila na watu ambao hatukuwajua, wakawa ndugu. Kuanzia mwaka 2007 watu walirudishwa Moba kwa meli. Tulirudi, lakini si wote, na mkeka haukurudi mpana kama zamani.

Sasa ninaona nini? Kila nyumba inafunga mlango na kuku wake. Hilo lingeweza kuvumilika. Jambo baya ni kwamba katika nyumba nyingine mlango hufungwa kwa ajili ya mtu fulani. Mtoto ameugua homa, akafa. Mwenye kujiita nabii amesema ametazama katika sala na kumwona mwanamke mzee. Toka siku ile bibi hapewi salamu. Au anaoneshwa mtoto yatima anayekojoa kitandani, naye anafukuzwa. Na wakristu hao hao wanakuja kanisani usiku wa Noeli kuimba mbele ya Mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni!

Labda mmoja atauliza: Katekista, je, unataka tuketi na mchawi? Ninamjibu: nani amekwambia kwamba ni mchawi? Malaria inaua watoto wetu, surua inawaua, maji machafu yanawaua, nayo hayaulizi jina la bibi. Neno la nabii wa kulipwa si ushahidi. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, wala haikusema kwamba mzee au yatima si jirani. Hata sheria ya nchi, kuhusu watoto, ni wazi: Katiba ya mwaka 2006 inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto inaweka adhabu.

Tena, sikilizeni vizuri Injili ya Misa ya mkesha wa Noeli, ile ya Mtakatifu Mateo yenye majina mengi. Najua watu hupiga miayo. Nimewaona waimbaji wakipekua vitabu vyao wakati huo. Lakini ule ni ukoo wa Yezu, tangu Abrahamu, vizazi kumi na vinne mara tatu, na ndani yake yumo Tamari, yumo Rahabu ambaye watu walimnyoshea kidole, yumo Ruti mwanamke wa Moabu, yumo mke wa Uria. Mateo angeweza kuwaruka. Orodha ingekuwa fupi na nadhifu, na watu wa kanisani wangeshukuru. Hakuwaruka. Na Luka anaongeza: Yezu alipokuwa na miaka kumi na miwili, wazazi wake walikwenda mwendo wa siku nzima bila wasiwasi, wakidhani yumo katika msafara, kisha wakamtafuta kwanza kwa jamaa na rafiki. Maria na Yosefu waliwaamini jamaa zao kiasi hicho.

Basi, wakubwa wa nyumba, ninawaomba jambo hili katika juma la mwisho la Majilio. Msimpelekee mzee yule sahani mlangoni mwake kwa mkono wa mtoto. Sahani inayopelekwa humwambia mtu abaki huko huko. Nendeni wenyewe, mkamwite kwa jina la undugu wake, shangazi, bibi, mama mkubwa. Chukueni watoto, waone. Kama kuna neno kati yenu, mwoneni Padri mapema, maana siku ya mkesha mstari wa kitubio ni mrefu. Na kama halikuisha kufikia tarehe 25, sikukuu haiishi siku moja: zipo siku nane mpaka tarehe 1 Januari, na kwa kawaida ndani yake iko Dominika ya Familia Takatifu. Mchele ukiwa haba, pikeni bukari zaidi.