Mwacha Asili

Nyanya yangu ana msemo mmoja anaoutoa kila mjukuu akianza kuleta ubishi: "Mwacha asili ni mtumwa." Nimeusikia tangu nikiwa mdogo, nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa. Na akisema asili ana maana moja tu: Manga, yaani Omani. Ndiyo Manga ile ya pilipili manga. Babu yake alitoka huko kwa jahazi, upepo wa kaskazi ukimsukuma. Kwa hivyo mwaka jana, baada ya kuweka akiba miaka miwili kutoka kwa mshahara wa Nairobi, na si unajua vile hiyo mishahara huwa, nilipanda ndege kwenda Muscat kuitafuta hiyo asili.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno kama ishirini ya Kiarabu. Kumbe sikuyahitaji. Ami aliyenipokea, ambaye babu yake na babake nyanya walichangia baba, alizaliwa Unguja, na watu wake waliondoka baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Waliingia Omani baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango waliokuwa nje. Nyumbani kwake wanaongea Kiswahili kisafi kuliko changu. Watoto wake waliniamkia, wakaniandalia mandazi na kahawa chungu, na kila nilipochomeka neno la Nairobi wakacheka hadi machozi. Siku mbili nilihisi nimefika kwetu.

Siku ya tatu ami akatoa shajara, karatasi ndefu iliyokunjwa kama mkeka, majina yameandikwa kwa wino, fulani bin fulani bin fulani. Akashuka na kidole hadi kwa babake nyanya. Alikuwepo! Jina lake, na pembeni limeandikwa neno moja: Mombasa. Nilipiga picha, nikaituma kwa kundi la familia. Halafu nikauliza swali ambalo hata sikulipanga.

"Ami, na mamake?"

Ami alinimiminia kahawa. "Mwanangu, shajara haiandiki wanawake. Mtoto hufuata baba."

Ni kweli, hakuna mwanamke hata mmoja kwenye ile karatasi. Lakini wake wa upande wa Omani wanajulikana, ukiuliza utatajiwa na baba zao. Huyu wa Mombasa, kimya. Nilijua kwa nini, maana nyanya aliwahi kuteleza ulimi siku moja: alikuwa Mnyasa, na alikuwa suria. Kwa maneno mengine, alinunuliwa.

Ami hakukosea kisheria. Mtoto wa suria alihesabiwa huru, akabeba nasaba ya baba na kurithi kama ndugu zake. Majid na Barghash, waliotawala Unguja, wote wawili walizaliwa na masuria. Ndiyo hoja ambayo familia nyingi za pwani hujitetea nayo: hatukumtupa mtoto, tulimwandika. Sawa. Lakini mlango uliomwingiza mtoto ndio uliomfungia mama nje. Hata sheria ilipokuja, haikumharakia. Utumwa Unguja ulifutwa 1897, ila masuria hawakuguswa, wakaachwa hadi 1909. Walihesabiwa watu wa nyumbani. Sijui neno gani zuri limewahi kufanya kazi mbaya kuliko hilo.

Sasa rudi kwa ule msemo wa nyanya. Mwacha asili ni mtumwa. Na kama asili yenyewe ni mtumwa? Tukimwacha yeye ndipo tubaki waungwana, basi kwa methali yetu wenyewe watumwa ni sisi. Ukivuka daraja la Nyali kwenda Kisauni unapita Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Nimepita hapo na matatu mara mia. Sikuwahi kuangalia nje nikasema, wale ni watu wetu pia. Lakini nilipanda ndege kwenda kuwatafuta "watu wetu" ng'ambo ya bahari.

Ningemaliza hapa, ningekuwa shujaa wa insha yangu mwenyewe. Shida ni kilichofuata.

Usiku ule ami alinifuata barazani. Hakuwa na hasira. Aliniambia bintiye ameposwa, na watu wa upande wa pili wanaulizia nasaba, kwa sababu kufu bado ni jambo kubwa kwao. Tawi moja likiguswa, mti wote unatikisika. "Wewe utasema ukweli wako," akasema, "kisha utapanda ndege. Atakayeulipia ni huyu mtoto."

Sikuwa na jibu, na bado sina kamili. Najua kufu ya namna hiyo ni dhuluma, ni ule utumwa wa zamani unaoendelea kudai kodi. Lakini ujasiri wa mtu anayelipiwa bili na mwingine ni ujasiri gani? Binti yule alinifundisha kumimina kahawa kwa mkono wa kushoto na kupokeza kikombe kwa kulia. Yeye hakumnunua mtu. Kama mimi.

Niliporudi Mombasa nilikaa na nyanya, nikamwambia siulizi tena habari za Manga, namuuliza huyo bibi. Alinyamaza, tasbihi ikazunguka. Kisha akataja jina. Akaniambia babake, hata mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa akienda kaburini kwake kila Ijumaa, peke yake. Hakuna mtoto aliyewahi kuchukuliwa.

Tulienda Ijumaa iliyofuata, mimi na binamu zangu wawili, nyanya akituelekeza kwa simu. Kaburi halina maandishi. Tulisoma Fatiha tukang'oa majani.

Jina lake nimeliandika kwenye daftari, juu kabisa ya mti ninaouchora mwenyewe, na watoto wangu watalikuta hapo. Hapa silitaji. Harusi Muscat bado haijafungwa, na kuna watu huko wanaosoma Kiswahili. Najua maana yake: mimi pia nimemnyamazia, kama ami, kwa sababu nzuri kama za ami. Tofauti ni kwamba mimi nimejiwekea siku ya kusema. Nyanya anasema hata babake alikuwa na siku yake, ila haikufika.