Mkono wa Kupokea

Kuwa mtoto wa mtu si kuwa wakili wake. Najua neno hili litawakera wengi hapa Mji wa Kale, ambapo jirani huingia jikoni mwako akafunua sufuria bila kuuliza. Lakini ikija barua ya mtu, mimi sisogei: udugu hautoshi, mapenzi hayatoshi. Pana idhini au hapana.

Huku kwetu mtu wa posta hapigi hodi mlangoni. Barua hushukia sandukuni, na sanduku lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. La babangu, katika posta kuu ya Digo Road, lilipokea barua za nyumba nyingi za Kibokoni. Waliokuwa Muscat, Jeddah na Dubai waliandika jina la mwenye barua, chini yake jina la babangu, kisha S.L.P. Kabla ya hapo majahazi yalikuja na kaskazi, na nahodha akishuka Bandari ya Kale na bahasha za watu kifuani. Baada ya alasiri babangu aliziweka barazani kifudifudi, majina chini, ili anayepita asijue nani kaandikiwa. Barua ya mke hakumpa mume kumpelekea, mpaka mke mwenyewe awe amemtuma. Wanaume walinuna. Aliwaacha wanune.

Nilipokuja kusoma *Minhaj* ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake kimesomeshwa sana katika darsa zetu za pwani, nilimwona babangu mle. Mtu anamwendea aliyeshika mali ya mwingine, anamwambia: mwenyewe kanituma nije kuichukua. Nawawi anasema aliyeshika halazimiki kuitoa mpaka uwakala uthibitishwe kwa ushahidi. Hata akimsadiki mjumbe, halazimiki. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, kwa sababu kumbe kuomba ushahidi si kumtuhumu mtu uwongo.

Niliwahi kusimama foleni nyuma ya kijana aliyefuata kifurushi cha mamake. Alikuwa na ile karatasi ya arifa, hana barua ya idhini wala kitambulisho cha mama. "Mimi mwanawe wa kumzaa!" akasema, na sauti ikapanda. Karani akamjibu kwa upole, "Sikatai, mwanangu. Mwambie mama aniandikie." Kijana alitoka akihisi ametukanwa, nami nilimhurumia, lakini karani alikuwa na haki. Kanuni ile haikumpima mwana. Ilimlinda mama, abaki na uamuzi wa nani ampokelee, na pengine angemchagua binti, au shoga yake wa mtaa wa pili. Surat An-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Haikusema kwa jamaa zao.

Na aliyeruhusiwa kupokea hajaruhusiwa kujua. Wakili hapiti mpaka wa alichotumwa: bahasha ikipotea bila uzembe wake hadaiwi, akiifungua amevunja amana. Iko hadithi kwa Abu Daud ya kuonya juu ya kutazama barua ya mtu bila idhini yake. Wanavyuoni wameidhoofisha isnadi yake, nami siitegemei, maana katazo la kupelelezana katika Surat Al-Hujurat lanitosha. Jirani yetu mmoja hakujua kusoma, na mumewe alikuwa Jeddah. Aliniita nimsomee, yeye kasimama mlangoni, mkono kwenye komeo. "Ukifika penye pesa, shusha sauti. Ukifika penye mambo yetu, acha, nirudishie." Nikamuuliza nitayajuaje kabla sijayasoma. Akasema, "Utayajua, baba." Na kweli niliyajua kwa neno la kwanza, nikaikunja karatasi.

Sasa nambari ya simu yaweza kuwa sanduku la posta, na ujumbe ukaingia simuni kwamba mzigo umefika. Vyema. Ila wazee wengi simu zao zashikwa na wajukuu, na mjukuu hajawahi kuulizwa kama ametumwa.

Linalonisumbua zaidi ni mauti. Uwakala hukatika mtumaji anapokufa. Siku ile ufunguo ulio mkononi mwangu hauna tena ruhusa. Barua ikija baada ya matanga, mwalimu wangu alisema ni ya warithi, wamteue mmoja wao aipokee. Kwa hundi au hati ya nyumba namfuata, hiyo ni mali, itagawanywa kwa faraidhi, na wakigombana Kadhi yupo. Kwa barua tupu simfuati. Aliyeiandika alimwamini mtu mmoja na siri yake, na siri hairithiwi kwa thumni wala sudusi. Kama jina la mwandishi liko mgongoni mwa bahasha, mimi ningeirudisha kwake ikiwa imefungwa, pamoja na habari ya msiba, na warithi wakinuna ningewaacha wanune.