Zau Anaongea Kiswahili

Jioni za baridi huku kwetu Mbeya nacheza gemu za watengenezaji wadogo. Stardew Valley ya 2016, kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, inatuliza, ila misimu yake ina theluji. Misimu ya hapa Uyole ni masika na kiangazi.

Iliyonigusa zaidi ni Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliibuni kutokana na msiba wa baba yake. Mganga kijana, Zau, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie babake. Mapigano yanajirudia mno. Lakini chagua sauti za Kiswahili: anavyomlilia Baba, ndivyo tunavyolia sisi. Kijana wa Kihesa, Iringa, unayejifunza programu, anza na gemu hiyo.