Kura Niliyompigia Mwenzetu

Nikiwa kidato cha pili, pesa za mwenzetu zilipotea bwenini. Mwalimu wa zamu akatugawia vikaratasi, kila mtu aandike jina la mwizi. "Hii ndiyo demokrasia," alisema. Mwizi sikumjua. Nikaandika jina la kijana mmoja mkimya aliyehamia muhula ule, kwa kuwa nilihisi wengine nao wangemwandika yeye. Kweli, walimwandika. Akachapwa mstarini, mbele ya shule nzima. Siku tatu baadaye mwenye pesa alizikuta ndani ya kava la daftari lake.

Kura zile hazikuchakachuliwa. Zilihesabiwa mbele yetu. Ndiyo maana bado zinanisumbua: utaratibu ulikuwa safi, matokeo yakawa dhuluma.

Wahenga walisema, wengi wape. Hawakusema wengi hawakosei. Tuwape wengi uwezo wa kuchagua diwani, mbunge na rais. Lakini kama mtu ameiba au hakuiba, hilo linataka ushahidi. Wingi wa vikaratasi si ushahidi.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize Watanzania kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 mfumo ukabadilishwa.

Rafiki yangu anasema huko kulikuwa kuwadharau wananchi: wasomi wachache waliwaamulia wengi. Hoja yake ni nzito, maana wachache nao hudhulumu. Lakini tupime hasara ya kila upande. Chini ya vyama vingi, wale asilimia 80 hawakunyang'anywa chama chao. Mwaka 1995 CCM ilishinda uchaguzi. Kama chama kingebaki kimoja, wale asilimia 20 wangekwenda wapi? Na mmoja wa wale 80 akibadili mawazo kesho, angepita mlango gani?

Kwa hiyo nakubali kuongozwa na wengi, mradi wasifunge mlango ambao hata wao wanaweza kuuhitaji siku moja.

Yule kijana hakurudi muhula uliofuata. Sikuwahi kumwomba radhi. Siku ile kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na ningeweza kurudisha kikaratasi bila jina.